Kitako cha Bunduki ya Baba



Katika vitabu vidogo kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, majina ya watoto na ngoma za wazee. Mimi naomba ruhusa niandike juu ya kitu ambacho wengi wanakiogopa, na wana haki ya kukiogopa: bunduki. Siongei juu ya bunduki ya vita. Hizo tumeziona za kutosha katika nchi yetu. Naongea juu ya ile bunduki moja ya kuwindia inayokaa ndani ya sanduku la familia, yenye karatasi zake za ruhusa, ambayo mzee alimwachia mtoto wake.

Na ndani ya habari hiyo nataka kuungama ugonjwa mmoja uliowahi kunishika: ugonjwa wa kubadilisha vipande. Mnaujua. Kuna mtu akinunua baiskeli hawezi kulala mpaka aiwekee vioo viwili, kengele ya pili, na kipande cha mpira chenye maandishi nyuma ya gurudumu. Kuna mwingine ni radio yake. Kwangu mimi ilikuwa bunduki ya marehemu baba. Niliipamba, nikaipunguza hapa, nikaiongeza pale, mpaka siku ile mdogo wangu alipotoka damu usoni. Nitaeleza yote kwa mpango.

Pupu na mafundi wake

Uwindaji kwetu Katanga ni wa zamani kuliko bunduki. Katika masimulizi ya Waluba, Mbidi Kiluwe, baba yake Kalala Ilunga, alikuwa mwindaji aliyetoka upande wa mashariki, na silaha yake ilikuwa upinde. Bunduki ilikuja nyuma. Katika karne ya 19 ilifika kwa njia mbili: kwa wafanyabiashara wa upande wa Tanganyika na pwani ya mashariki, na kwa misafara iliyotoka Angola. Msiri, mfalme wa Bayeke kule Bunkeya, alijenga nguvu zake kwa bunduki hizo. Alizilipa kwa shaba, kwa pembe za ndovu na, lazima tuseme ukweli, kwa watumwa, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Bruxelles yalitia sahihi mapatano juu ya biashara ya watumwa. Wengi wanayajua kwa sababu hiyo. Wachache wanajua kwamba ndani yake mlikuwa pia sheria ya silaha. Katika Afrika, kati ya mstari wa 20 wa kaskazini na mstari wa 22 wa kusini, bunduki za kisasa zilikatazwa kuingizwa na kuuzwa hivi hivi. Zilizoachiwa mlango, kwa masharti, ni zile za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa hiyo askari wa serikali alikuwa na bunduki mpya, lakini babu zetu walibaki na ile ya kushindilia kwa mbele. Mtoto wa ile bunduki ndiyo pupu tunayoijua mpaka leo katika vijiji.

Bunduki ya zamani inaharibika kila wakati, na duka la vipuri halikuwako. Ndipo mafundi wetu walipozaliwa. Wachokwe walijulikana mbali kwa kazi ya kutengeneza bunduki na kuchonga vitako vyake, na wengi walivipamba kwa misumari ya shaba ya njano yenye kichwa cha duara. Kitako kikipasuka shingoni, fundi alichukua ngozi mbichi ya nyama, akaishona juu ya ufa ingali na maji. Ngozi ikikauka inajikaza na kushika mti kuliko gundi. Wengine walizungusha waya wa shaba, na Bayeke walikuwa hodari wa kuvuta waya huo tangu zamani za Msiri.

Nasema haya ili kijana asifikiri kwamba kuongeza kipande juu ya bunduki ni mambo ya Wazungu na vitabu vyao vya picha. Ni desturi yetu pia. Lakini desturi hiyo ilikuwa na masharti yake, na mimi sikuyajua.

Bunduki ya mwaka 1968

Baba alikuwa mfanyakazi mu ateliye kule Likasi. Mwaka 1968 alinunua bunduki ya kalibre 12 kutoka kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa ya mitutu miwili iliyolala bega kwa bega, kazi ya Liège, Ubelgiji. (Hiyo namba 12, wengi wananiuliza. Maana yake ni hii: ukigawanya ratili moja ya risasi nyeusi katika mipira 12 iliyo sawa, mpira mmoja unaenea ndani ya mtutu. Ni upana wa milimetre 18 na nusu hivi.)

Aliwinda nayo mara chache, kanga na swala wadogo upande wa mto Lufira, kwenye kijiji cha wazazi wa mama. Mwaka 1977 aliacha kabisa, mimi nikiwa na miaka sita. Sikumwona kamwe akipiga. Niliyoijua mimi ni bunduki iliyolala, na baba akiitoa mara moja kwa mwezi kuipaka mafuta.

Kitu kimoja kilinisumbua tangu utoto: kitako chake, kile ambacho wengi wetu tunakiita krosi. Kilikuwa kimepinda. Ukiitazama bunduki kutoka nyuma, mitutu inakwenda sawa, lakini kitako kinakimbilia upande wa kushoto. Shingoni kilizungushiwa waya wa shaba, na ubavuni kilikuwa na misumari saba ya shaba ya njano, bila mpango wowote wa uzuri. Nilifikiri ni mti ulionyeshewa mvua ukaharibika. Baba alifariki mwaka 1996, na mimi mwalimu nikarithi bunduki kama mtoto mwanaume wa kwanza. Karatasi zilibadilishwa kwa jina langu.

Namna nilivyoitengeneza

Mwaka 2004 shemeji yangu anayekaa Ubelgiji aliniletea kifurushi. Ndani mlikuwa kitako cha mti wa noyer kilichochongwa nusu, kile cha kumalizia mwenyewe. Kipande cha mpira cha kuweka nyuma ili bega lisiumie. Mkanda mzuri wa ngozi. Na shanga nyekundu ya kuweka mwisho wa mitutu kwa kulenga. Ndugu zangu, nilikuwa kama mtoto siku ya Noeli.

Nilifanya kazi wakati wote wa vakansi ya Pasaka. Sitasema uongo, ilikuwa furaha kubwa. Unachukua chuma cha bunduki, unakipitisha juu ya moshi wa taa ya mafuta mpaka kinakuwa cheusi, kisha unakiingiza polepole katika tundu la mti. Ukikitoa, mahali palipogusa pamebaki na alama nyeusi. Pale ndipo unapopunguza, kidogo tu, sawa na unene wa karatasi. Unarudia mara mia. Jioni mke wangu aliniita kula mara tatu nami nikamjibu «nakuja» mara tatu.

Nilijifunza pia makosa ya wadogo. Nilipaka kitako mafuta ya ngazi, kwa sababu yalikuwa karibu. Mafuta ya ngazi hayakauki juu ya mti: yanabaki yananata, yanakusanya vumbi, na panya wanayapenda. Nikayafuta yote, nikatumia mafuta ya kitani na mwishoni nta ya nyuki, ile inayotoka katika mizinga ya pori letu. Ikang'aa vizuri. Nikafunga mpira, mkanda na shanga. Kile kitako cha zamani nilikitupa penye kuni. Mama alikiokota kimya, akakivika kitambaa cha zamani, akakiweka chini ya kitanda chake. Sikumwuliza sababu. Naye hakunisemesha siku mbili.

Siku ile kwenye Lufira

Wakati wa kiangazi mwaka 2005 tulikwenda kijijini, mimi na mdogo wangu wa mwisho. Nguruwe wa pori walikuwa wanamaliza mihogo ya wajomba. Nilibeba kartushi mpya nilizozinunua Lubumbashi, nzuri, ndefu, zenye nguvu. Mdogo wangu alikuwa na macho kuliko mimi, basi nikampa bunduki. Nikamwambia kwa majivuno, «Angalia hii kazi. Ni mikono ya yaya wako.»

Alipiga mara moja. Sauti ilikuwa kubwa kuliko kawaida. Nguruwe alikimbia. Mdogo wangu alikuwa amekaa chini, anashika uso kwa mkono, na damu inapita katikati ya vidole. Kitako kilikuwa kimepasuka shingoni kutoka juu mpaka chini. Ukuni mwembamba wa noyer uliingia shavuni mwake, upana wa kidole kimoja chini ya jicho. Chuma nacho kilikuwa kimemchana kati ya kidole gumba na cha shahada.

Tulimbeba kwa baiskeli mpaka kwa infirmiye. Alitoa ukuni, akashona. Jicho lilipona. Lakini ile njia, msomaji, kilometre kumi na nne nikisukuma baiskeli na yeye amekaa nyuma kimya, sitaisahau. Ningependa angenitukana. Alisema neno moja tu: «Yaya, ulijua kama inaweza kupasuka?»

Nilimjibu sikujua. Ilikuwa kweli, na ilikuwa aibu.

Maneno ya mama

Tuliporudi Likasi, mama alimtazama mtoto wake usoni, akaenda chumbani, akarudi na kile kitambaa. Akakifungua mbele yetu.

«Jicho moja haikutosha mu hii nyumba?» akasema.

Sisi watoto tulijua jicho la kuume la baba lilikuwa na ukungu mweupe. Tulifikiri ni kazi ya moto kule kwenye ateliye. Siku ile ndipo mama alipotueleza. Mwaka 1959, kabla hawajaoana, baba aliwinda na pupu ya rafiki yake. Pupu ile ilikuwa na chuchu, ile sehemu ndogo inayokaliwa na fataki. Ya kwanza ilikwisha. Rafiki akaweka nyingine iliyofanana na ile, lakini haikuenea sawa. Hakusema kitu. Alipoombwa bunduki, aliitoa tu. Chuchu iliruka, moto wa baruti ukamwingia baba jichoni.

«Yule muntu alibadilisha kintu, akanyamaza,» mama akasema. «Baba yenu hakumuchukia juu ya kubadilisha. Alimuchukia juu ya kunyamaza.»

Tangu pale baba alipiga kwa bega la kushoto, kwa jicho la kushoto. Alipopata kalibre 12 mwaka 1968, alimpelekea fundi mmoja wa kijijini achonge kitako cha mtu wa kushoto. Mti haukupinda kwa mvua. Ulipindishwa makusudi, ili jicho zima likae nyuma ya mitutu. Na ile misumari saba? Mimi niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kwamba ni hesabu ya nyama kubwa. Mama akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. Alikuwa anapigilia mmoja kila mtoto akizaliwa. Wa saba, ulio karibu na waya, aliupigilia mwaka 1979, miaka miwili baada ya kuacha kuwinda. Ulikuwa wa huyu aliyekaa mbele yetu na uzi shavuni.

Nilikuwa nimetupa haya yote penye kuni.

Mzee fundi anasoma

Yule fundi alikuwa bado hai, mzee sana, anatembea kwa fimbo. Nilimpelekea bunduki iliyovunjika pamoja na kile kitako cha zamani. Nilimkuta amekaa chini ya muembe. Alichukua kwanza kitako cha zamani, akapitisha kidole juu yake, akanyamaza muda mrefu. Kisha akafungua bunduki, akatoa mitutu, akaigeuza tumbo juu.

«Mwalimu, weye unafundisha batoto kusoma?»

«Ndiyo, nkambo.»

«Hapa chini kuko maandiko. Uliisha kuyasoma?»

«Hapana, nkambo. Sikusomaka.»

«Njo maana.»

Akanionyesha. Kulikuwa na duara refu lenye herufi ELG ndani na taji juu yake. Hiyo ni alama ya nyumba ya majaribio ya bunduki kule Liège, iliyoanzishwa mwaka 1672. Taji liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo bunduki yetu ni ya baada ya pale. Kando ya alama hiyo palikuwa na namba 65. Mimi niliiona mara nyingi nilipokuwa nasafisha, nikafikiri ni namba ya kiwanda. Kumbe ni urefu wa chumba cha kartushi, milimetre 65. Kartushi zangu mpya zilikuwa za 70. Zinaingia bila shida, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kartushi inajifungua mbele wakati wa kupiga. Ikiwa ndefu kuliko chumba, mdomo wake hauna nafasi ya kufunguka vizuri, na nguvu ya moto inapanda kuliko mitutu ile ya zamani ilivyopangiwa.

Kisha akatazama kazi yangu ya mti. Nilikuwa nimechonga vizuri mahali panapoonekana. Ndani, pale ambapo chuma kinasukuma mti wakati wa teke, kiligusa upande mmoja tu. Teke lote lilikwenda katika ukuta mmoja mwembamba, na mistari ya mti pale shingoni ilikuwa inakata kwa mshazari badala ya kwenda sawa kwa urefu. Ingepasuka hata kwa kartushi fupi, akasema; zile ndefu ziliharakisha tu.

Nilimwuliza, wao wazee walifanyaje bila vitabu na bila nyumba ya Liège? Akanieleza masharti matatu aliyofundishwa yeye na wale wawindaji waliomlea, watu wa kile chama ambacho Waluba wanakiita buyanga.

La kwanza, kabla ya kutoa kipande, uliza kwa nini kiliwekwa. Kama mwenyewe amekufa, uliza mke wake.

La pili, kazi ikiisha, inaonyeshwa mbele ya wawindaji wote wanaoweza kuishika ile bunduki. Kila mmoja asikie kwa masikio yake ni nini kimebadilika.

La tatu, risasi ya kwanza ni ya fundi mwenyewe. Asimpe mtu mwingine. Na ndiyo maana, nyama ikianguka, shingo ni ya fundi.

Nilifikiri sana juu ya hilo la tatu. Kule Liège pia bunduki inapigwa kwanza kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ikishinda ndipo inapigwa muhuri. Watu wa mbali na watu wa kwetu walifika mahali pamoja: anayesema «kipande hiki ni kizuri» awe wa kwanza kukijibia. Mimi nilimpa mdogo wangu risasi ya kwanza. Niliita hiyo heshima.

Kazi tatu alizozikataa

Mzee alikubali kututengenezea bunduki, lakini alinieleza pia kazi ambazo hakuzipokea hata kwa pesa nyingi. Wakati wa vita, kati ya 1998 na 2003, watu walimletea bunduki za kuwindia wakitaka mitutu ikatwe iwe mifupi, ifichwe chini ya koti. Alikataa. Walitaka afute namba. Alikataa. Walitaka aifanye pupu ile kartushi za vita. Alikataa na akahama nyumba kwa muda. «Mwindaji anatembea na bunduki yake mbele ya macho ya batu,» alisema. «Akitaka ifichwe, haendi kuwinda.»

Sheria ya nchi inasema karibu maneno hayo hayo kwa lugha yake. Silaha na risasi zinaongozwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na uwindaji una sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Mwenye bunduki awe na ruhusa yake, mwenye kuwinda awe na permi, na ndani ya mbuga za serikali kama Upemba na Kundelungu haingii mtu kuwinda. Tangu tarehe 11 Februari 2014 kuna pia sheria namba 14/003 juu ya kulinda viumbe. Zamani tuliona wanyama wakiwa wengi, tukafikiri hawaishi. Sasa hata kanga upande wa Lufira umwone siku moja kwa bahati. Napenda kazi ya mikono juu ya bunduki, lakini siwezi kukuambia kijana kwamba pori lingali na nafasi ya kila mmoja wetu.

Kitako kipya

Mdogo wangu na mimi ni watu wa kuume. Kitako cha baba hakikutufaa, na mzee hakukubali kukinyoosha. «Hiki ni mwili wa mwingine,» alisema. Alichonga kipya kwa mulombwa, ule mti ambao ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Ukishakauka vizuri haupindi na haunyauki ovyo. Alikuwa na ubao uliokaa darini miaka minane.

Alinipima kwanza. Ukikunja mkono, kitako kikikaa katika kiwiko, kidole cha shahada kifike kwenye gasheti bila kujinyosha. Kisha alinifunga macho, akaniambia nipandishe bunduki begani mara moja, halafu nifungue. Kama jicho linaona shanga katikati ya mitutu, kitako ni chako. Kama linaona ubavu, bado. Tulirudia mara nyingi katika siku nne. Ule mpira wa Ubelgiji aliutazama, akasema ni mzuri, akaufunga. Mkanda pia. Shanga nyekundu aliitoa, akarudisha ile ndogo ya zamani. Sababu yake: jicho linabaki kwenye wekundu, halimfuati mnyama.

Basi sisemi kwamba vitu vya mbali ni vibaya. Vile viwili vinatumika mpaka leo, na bega langu linashukuru.

Kazi ilipoisha, aliita wajomba wote. Akaonyesha: hiki kimetoka, hiki kimeingia, kartushi ni za 65 tu, si nyingine. Akatembea na fimbo yake mpaka nyuma ya kichuguu, akapiga risasi ya kwanza mwenyewe, mtutu wa kuume, halafu wa kushoto. Alikuwa na miaka inayozidi themanini. Nilitaka kumshika mgongo, akanifukuza. Aliondoka duniani mwaka 2009, na siku ya matanga yake familia yetu ilipeleka mbuzi, shingo ikawekwa pekee.

Neno la mwisho

Kartushi za 65 ni shida kuzipata, kwa hiyo bunduki ya baba inalala zaidi kuliko inavyoamka. Si neno. Mimi si fundi mwenye ruhusa, na sipokei bunduki za watu. Lakini wanajua napenda mambo hayo, kwa hiyo vijana wanakuja na picha katika simu, wananiuliza kama lunette hii au kitako hiki kitaenea. Nawauliza: ya zamani ilikuwaje, na kwa nini? Wengi hawajui. Nawarudisha kwa mama zao.

Nimefungua daftari moja. Ndani nimeandika kila kitu kilichobadilishwa juu ya ile bunduki tangu 1968: tarehe, mkono uliofanya, sababu, na watu walioona. Ukurasa wa 2004 umeandikwa jina langu, na mbele ya neno «waliojulishwa» nimeandika «hakuna». Sikuufuta. Mtoto wangu atausoma. Naomba wenzangu wa chama chetu, kila familia yenye silaha ya urithi ifanye vile vile, kwa sababu wazee wanaondoka na sababu zao.

Kitako cha baba kiko ukutani kwa mama, na misumari yake saba. Kile cha mulombwa bado hakina hata mmoja. Mdogo wangu alipopata mtoto wa kwanza, mwaka 2011, nilimletea msumari wa shaba na nyundo. Alishika kovu lake shavuni, akafikiri, akasema, «Yaya, tuulize mama kwanza.»

Tulimwuliza. Mama alisema, anunue kitako chake.